Nyiragongo, makala na kesi ya hewa ukaa

Anzisha mazungumzo ya hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi inayoipasha dunia joto, mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na punde mtu atanyoosha mkono kaskazini, kwenye volkeno. Nyiragongo ule pale, atasema, unafuka usiku na mchana tangu enzi za mababu. Mbona hesabu inaletwa kwa mama anayepikia makala, yaani mkaa wa kuni? Watu wa mazingira nao wana jibu lao tayari: msitu wa mbuga ya Virunga unaisha, na anayeumaliza ni huyo huyo mama na mbabula yake, jiko lake la makala. Ubishi huu ni wa miaka mingi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaikosea kesi yenyewe, ingawa kila upande una ukweli ambao mwenzake hataki kuusikia.

Tuanze na mlima, kwa sababu watu wa Goma si wa kubezwa katika jambo hili. Wachache duniani wanaijua kaboni dioksidi kwa karibu kama wao. Magharibi mwa mji, kuanzia Himbi kupita Bulengo kwenda Sake, kuna mashimo na mabonde madogo ya mawe ya volkeno ambako gesi hiyo hutoka ardhini. Ndiyo mazuku. Haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama chini kama maji, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Aliye chini ndiye anayetangulia kufa: kuku, mbuzi, mtoto aliyeinama kuokota kuni. Mtu mzima aliyesimama wima ukingoni anaweza asihisi kitu, kumbe hatua chache mbele yake, kwenye majani mabichi kabisa, wamelala ndege waliokufa.

Kwa hiyo anayesema volkeno inatoa hewa ukaa hasemi uongo. Swali ni kiasi gani. Volkeno zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, hukadiriwa kutoa chini ya tani nusu bilioni kwa mwaka. Binadamu, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi na kwa kutengeneza saruji, anatoa zaidi ya tani bilioni 37. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, mlipuko mkubwa kuliko yote mitatu ya Nyiragongo ambayo Goma inaikumbuka (1977, 2002 na 2021), ulitoa takriban tani milioni 50. Binadamu wa leo anatoa kiasi hicho kati ya asubuhi na jioni.

Mwenye mashaka na makadirio ya tani ana ushahidi mwingine, na mimi ndio unaonishawishi zaidi. Moto hula oksijeni. Gesi inayopanda kutoka tumboni mwa ardhi haili. Vipimo vinaonyesha oksijeni ya angani inapungua kidogo kidogo huku kaboni ikipanda (pumzi haitatuishia, kilichopungua ni kidogo mno). Tena kaboni inayoongezeka ina alama ya mimea, ile iliyooza zamani ikawa makaa ya mawe na mafuta pamoja na ile ya misitu inayochomwa leo, na alama ya volkeno ni tofauti. Kwa maelfu ya miaka kabla ya viwanda kiwango kilikaa karibu na sehemu 280 kwa kila milioni ya hewa, na volkeno zilikuwepo. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta kama 315. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umepita 420. Na Mauna Loa yenyewe ni volkeno! Wapimaji wake huzitupa takwimu za saa ambazo upepo umeleta gesi ya mlima.

Mlima basi hauna hatia. Je, mama?

Ukiacha habari za misitu, Mkongo mmoja kwa wastani anatoa chini ya kilo 100 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Wastani wa dunia unazidi tani 4.5, Mmarekani yuko karibu na tani 14. Kwa hesabu hiyo, kumhubiria mtu wa mitaa ya Goma kama Birere au Majengo kwamba anaichemsha dunia ni kukosa aibu.

Lakini "ukiacha habari za misitu" ni maneno mazito. Mwaka 2023 Kongo ilipoteza zaidi ya hekta laki tano za msitu wa asili, na ni nchi chache sana zilizoipita. Sehemu kubwa huenda na mashamba ya kukata na kuchoma. Makala hufuata nyuma, na kuzunguka miji kama Goma huwa mbele. Gunia linaloshuka mjini juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, limetoka katika tanuru la udongo, ambamo kilo moja ya makala inaweza kula kilo sita za kuni au zaidi. Mti ukiota tena, kaboni ile hurudi. Usipoota, inabaki angani kama ile ya mafuta, na upande wa Virunga sehemu kubwa haioti. Kuchoma makala ndani ya mbuga ni kosa kisheria, ila biashara hiyo imelisha makundi yenye silaha kwa miaka, na walinzi wa mbuga zaidi ya 200 wameuawa kazini.

Hata hivyo, ukataji wa misitu duniani kote ni kama sehemu moja ya kumi ya kaboni dioksidi ya binadamu. Makala yana kesi ya kujibu, ila kesi hiyo iko hapa jirani na Goma, Rutshuru na Masisi: udongo, maji, sokwe, fedha za bunduki. Ukiipeleka mahakama ya dunia nzima unapata dawa mbaya, na mbaya kuliko zote ni marufuku. Marufuku hupandisha bei ya gunia na kuwaachia biashara wale wale wenye bunduki. Maharage hayasubiri sera.

Upandaji miti una heshima zaidi. Mradi wa EcoMakala ulianza mwaka 2007 kwa kuwasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala katika mashamba yao wenyewe, na wazo ni zuri. Ila nani atapanda mti wa miaka saba mahali ambapo mwezi ujao huenda akakimbia?

Umeme wa maji naona ndio wenye nguvu. Kituo cha Matebe, Rutshuru, kina megawati 13.8 na kimefika majumbani Goma. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi zenye umeme huwasha taa, simu na televisheni, kisha maharage yanarudi kwenye mbabula. Makala unanunua ya leo kwa pesa ya leo. Jiko la umeme linataka fedha nyingi kwa mkupuo, na umeme wenyewe ukikatika sufuria ikiwa motoni, hutarudia.

Halafu kuna ziwa. Ndani ya maji ya kina ya Ziwa Kivu kuna takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi. Rwanda inaichoma methani hiyo tayari. Mtambo wa KivuWatt huko Karongi una megawati 26. Wanaopinga wanasema kuchoma methani ni kuongeza hewa ukaa, na ni kweli. Lakini Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika kaboni dioksidi mwaka 1986 likaua watu wapatao 1,700, nalo ni dogo mno mbele ya Kivu. Kuvuna methani taratibu hupunguza shinikizo la gesi ziwani, na megawati zake zinaweza kuchukua nafasi ya jenereta za dizeli. Mimi nasema ivunwe, mradi maji yanayorudishwa ziwani baada ya kutolewa gesi yawekwe kwenye kina kinachofaa na nchi mbili zikubaliane, maana ziwa ni moja.

Zimebaki fedha za kaboni. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, mwaka 2021, Kongo iliahidiwa dola milioni 500 kwa miaka mitano ili kulinda misitu. Wakosoaji wanaona tajiri ananunua ruhusa ya kuendelea kuchafua, na wana hoja: mafuta yakichomwa leo yamechomwa, mti uliolipiwa unaweza kukatwa kesho. Siwaungi mkono wanaotaka tuzikatae. Ila tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa M23, na kuna pembe za msitu ambazo hata mlinzi wa mbuga hafiki. Fedha za aina hiyo zikielekezwa Goma, ni afadhali zilipwe kwa kila nyumba iliyoacha kununua makala, jambo linaloweza kukaguliwa kwenye mita ya umeme, kuliko kwa miti ambayo mkaguzi anaitazama kwa setilaiti tu.