Kadi ya chama kwenye mlango wa kitongoji

Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, ilitwaa viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kile kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt. Wala Sarwatt hakuwa mpinzani. Alikuwa mwana-TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake, na watu wa Mbulu wakampa kura.

Leo Sarwatt asingeruhusiwa hata kuchukua fomu. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sharti la kila mgombea kudhaminiwa na chama lilibaki. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga mahakamani. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa haki, na mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba kulizima suala hilo. Akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikamkubalia tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010 ikisema hilo ni jambo la Bunge kuamua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitamka kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2015, sheria ikiwa vilevile.

Wanaotetea sharti hili wana hoja nzito. Chama hakipati usajili wa kudumu mpaka kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, na angalau miwili ya mikoa hiyo iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Mtu anayetaka kutawala kwa jina la kabila au dini yake anakwama hapohapo. Mgombea binafsi, asiye na chama, hana kizuizi hicho. Tena chama kina ilani, na kina kesho: kikiharibu, kitarudi kuomba kura baada ya miaka mitano na kitaulizwa. Tajiri aliyenunua jimbo kwa fedha zake atawajibika kwa nani? Hata Kenya, ambako Katiba ya 2010 inawaruhusu wagombea huru, baadhi ya walioshinda mwaka 2022 walijiunga na Kenya Kwanza, muungano ulioshinda urais, siku chache tu baada ya matokeo.

Ninaikubali hoja hiyo kwa urais, na kwa ubunge naikubali nusu. Inaponishinda kabisa ni huku chini, kwenye vitongoji, vijiji na mitaa.

Chama cha siasa kazi yake ni kuwa daraja: kinachukua shida za wakulima, wafanyakazi, wanawake na vijana, kinazipeleka serikalini. Sisi tumekulia katika nchi ambayo chama kilizimeza kingo zote mbili za mto. Vyama huru vya wafanyakazi vilifutwa mwaka 1964 na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikawekwa mahali pao. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na viliporudishwa, ushirika ukafanywa jumuiya ya chama, kama walivyokuwa wanawake, vijana na wazazi. Balozi wa nyumba kumi alikuwa kiongozi wa chama, lakini ndiye uliyemwendea ukitaka barua ya utambulisho au ukigombana na jirani. Mtu wa kawaida asingeweza kukuonyesha chama kinaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Mfumo ulibadilika mwaka 1992, mazoea hayakubadilika sana.

Ndiyo maana mpaka sasa mwenyekiti wa kitongoji, kijiji au mtaa lazima adhaminiwe na chama. Mchukue mama aliyeshika sanduku la kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, miaka kumi bila shilingi kupotea, anayesimamia kamati ya maji, anayeamshwa usiku mtoto wa jirani akiugua. Majirani wanamtaka. Hana kadi, na hataki kadi, kwa sababu wanakikoba wake ni wa vyama vyote na akiegemea upande mmoja kikundi kitavunjika. Kwa kulinda umoja uleule tunaosema vyama vinaulinda, anafungiwa nje ya uongozi. Umoja gani wa kitaifa unaotishiwa na uchaguzi wa kitongoji, ambako kila mpiga kura anamjua mgombea na mama yake?

Mara nyingi mjadala huu unaahirishwa kwa kusubiri Katiba mpya, na ni kweli Rasimu ya Katiba hiyo, iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba, ilimruhusu mgombea huru. Lakini ibara za 39 na 67 za Katiba ya sasa, zinazodai udhamini wa chama, zinamhusu Rais na wabunge. Masharti ya wenyeviti wa vitongoji, vijiji na mitaa yamo katika sheria na kanuni za serikali za mitaa, na hizo zinaweza kurekebishwa hata kabla ya Katiba kuguswa.