Kumsainia ndugu mkopo wa nyumba: jina liko kwenye deni au kwenye hati?

Mtu anapokosa sifa za kupata mkopo wa nyumba kwa kipato chake pekee, mkopeshaji humwambia atafute wa kusaini naye, na anayeombwa mara nyingi ni mzazi, dada au kaka mwenye kipato cha uhakika zaidi. Maswali mawili huja hapo hapo: je, saini hiyo inamfanya kuwa mmiliki wa nyumba, na je, siku atakapotaka kununua ya kwake atakuwa bado anahesabiwa mnunuzi wa mara ya kwanza, hadhi ambayo katika nchi kadhaa hubeba nafuu ya kodi na masharti mepesi ya mkopo? Maswali haya ni ya haki, lakini naona yanamfanya mtu alinde kitu kidogo na kuacha wazi kilicho kikubwa.

Siku ya kusaini huwekwa mezani nyaraka ambazo watu wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja. Kuna ahadi ya kulipa deni, kuna hati ya rehani inayoiweka nyumba kuwa dhamana, na kuna hati ya umiliki inayotaja nyumba ni ya nani. Anayesaini ahadi ya kulipa bila jina lake kuingia kwenye hati ya umiliki anadaiwa nyumba ambayo si yake. FHA, idara ya serikali ya Marekani inayoikatia bima mikopo ya nyumba, imeweka tofauti hiyo wazi katika kanuni zake: mkopaji mwenza huingia kwenye deni na kwenye hati, ilhali mdhamini husaini deni tu na hapati sehemu yoyote ya umiliki. Uingereza nako wapo wakopeshaji wanaotoa mkopo wa wakopaji wawili na mmiliki mmoja, ambapo kipato cha mzazi huhesabiwa lakini nyumba huandikwa jina la mtoto peke yake.

Hadhi ya mnunuzi wa mara ya kwanza, kwa kawaida, hufuata hati wala haifuati deni. Aliyedhamini tu bado anayo. Aliyeingia kwenye hati, hata kwa asilimia moja, ndiye mwenye hesabu ya kupiga, na jibu lake hutegemea ni sheria gani inayouliza. Kwa nafuu nyingi za serikali ya Marekani, mnunuzi wa mara ya kwanza ni yule ambaye kwa miaka 3 hakumiliki makazi yake makuu, na kwa kipimo hicho dada aliyeandikwa kwenye nyumba anayoishi mdogo wake anaweza kupita. Kwa Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, sehemu yoyote ya umiliki wa nyumba ya kuishi ndani ya miaka hiyo 3 inatosha kumtoa. Nchini Kanada, mpango wa kutoa hadi dola 60,000 kutoka akiba ya uzeeni ili kununua nyumba hutazama kama uliishi katika nyumba yako au ya mwenzi wako ndani ya mwaka huo na miaka 4 iliyotangulia. Lakini katika jimbo la Ontario, marejesho ya kodi ya uhamisho wa ardhi, yanayofika dola 4,000, yanamtaka mnunuzi awe hajawahi kumiliki nyumba popote duniani, wakati wowote. Mtu yule yule, kwa saini ile ile, ni mnunuzi wa kwanza kwa sheria moja na si wa kwanza kwa nyingine.

Madhara hayaishii kwa msaidizi. Katika England na Ireland Kaskazini, nafuu ya ushuru wa stempu, yaani kodi anayolipa mnunuzi wa nyumba, hutolewa pale tu ambapo wanunuzi wote ni wa mara ya kwanza. Binti anayenunua peke yake nyumba ya pauni 300,000 halipi ushuru huo hata senti. Mama yake mwenye nyumba yake akiandikwa naye kwenye hati, nafuu inapotea na nyongeza ya asilimia 5 kwa nyumba ya ziada inaingia, hivyo wanadaiwa pauni 20,000 kwa viwango vya tangu Aprili 2025. Mama aliyekuja kusaidia anakuwa gharama kubwa kuliko samani zote za nyumba hiyo.

Wanaoshauri jina liingie kwenye hati wana hoja nzito hata hivyo, na sitaki kuipita haraka. Mdhamini asiye na hati hana sauti. Nyumba ikiuzwa kwa faida, faida ni ya mwenye hati. Ikipigwa mnada kwa bei isiyolipa deni, upungufu mara nyingi unaweza kudaiwa kwake pia. Hawezi kuzuia nyumba isiuzwe, hawezi kumtoa mpangaji anayeiharibu, na hata akilipa marejesho ya miaka 5 mfululizo, nyumba haimhamii kwa sababu hiyo tu. Ni jambo la kuumiza kweli kumwona mtu akilipia ukuta asioruhusiwa kuugusa. Hati inampa kinga: bila saini yake hapauzwi kitu. Kinga hiyo ina bei yake, kwa kuwa wadai wake na talaka yake vinaweza kuifikia nyumba ya nduguye, na sehemu yake ya faida inaweza kutozwa kodi ambayo mkaazi wa nyumba amesamehewa.

Hata hivyo, pande zote mbili zinabishana juu ya hadhi huku uwezo wa kukopa ukiliwa kimyakimya. Chukulia dada mwenye kipato cha 4,000 kwa mwezi, na mkopeshaji asiyeruhusu madeni yazidi asilimia 40 ya kipato. Nafasi yake ni 1,600. Marejesho ya nyumba ya mdogo wake ni 1,100, na kwa kuwa amesaini, yanaandikwa kwake yote, si nusu. Amebakiwa na 500. Hadhi yake ya mnunuzi wa mara ya kwanza ni safi kabisa, lakini hakuna nyumba anayoweza kuinunua nayo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba asiye na nyumba bado ndiye awe wa mwisho kuombwa saini, na akiombwa, akae nje ya hati, kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja atakacholipwa akilazimika kulipa, na mwaka ambao mkopo utabadilishwa uandikwe jina moja. Mzazi ambaye hatafuti nafuu tena anaweza kuipima hati kwa utulivu zaidi, mradi ahesabu kwanza ushuru wa mtoto. Kujiondoa baadaye ni kugumu: mkopeshaji haondoi jina kwa sababu ndugu wameelewana, anataka mkopo mpya au nyumba iuzwe.

Njia ya kupumua ipo, nayo inadai nidhamu tangu mwezi wa kwanza. Kanuni za Fannie Mae na za FHA huruhusu deni la kudhamini lisihesabiwe kwa mdhamini ikithibitishwa kwamba mkopaji mwenyewe amelipa kwa miezi 12 ya karibuni bila kuchelewa, kwa taarifa za benki za akaunti yake. Fedha zitoke kwa mdogo, zisipitie kwa dada. Mwezi mmoja mdogo amekwama, dada akalipa moja kwa moja kwa kumhurumia, na ushahidi wa miezi 11 iliyotangulia hauna tena wa 12; kuhesabu kunaanza upya.