Vidonge vya damu baada ya hedhi kukoma

Huku kwetu mwanamke akisema amechoka, jibu huwa tayari: huna damu, kunywa rosela, kula maini, kanunue vidonge vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma. Kwa binti anayetokwa na damu nyingi kila mwezi, au kwa mjamzito, mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Ninachokikataa ni kumpa mama wa miaka 58 ushauri uleule, bila kipimo, miezi nenda miezi rudi, maana chuma kikizidi huidhoofisha mifupa.

Mifupa yenyewe inahitaji madini ya chuma. Chuma kikikosekana, mwili hautengenezi vizuri kolajeni, ile protini ambayo kalsiamu hujishikiza, na hata vitamini D haifanyi kazi yake sawasawa. Binti anayeishi miaka na upungufu wa damu, tena katika umri ambao mifupa inajengwa, anapunjwa mara mbili. Kliniki tunaambiwa habari za kizunguzungu na uchovu, mifupa haitajwi.

Hedhi ikikoma, hesabu inabadilika. Mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi, na kwa miaka yote ile hedhi ndiyo iliyokuwa ikikipunguza. Sasa akiba inaanza kupanda, na kwa wanawake wengi kipimo cha ferritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, hufika mara mbili hata tatu ya kile cha zamani. Wakati huohuo estrojeni, homoni ya kike, inashuka. Lawama zote hupewa estrojeni, na kweli ndiyo sababu kubwa, lakini chuma kilichozidi nacho huchochea seli zinazomung'unya mfupa na kuzidhoofisha zile zinazoujenga. Wenye hemokromatosisi, ugonjwa wa kurithi unaolundika chuma mwilini, hupata mifupa dhaifu hata wakiwa wanaume.

Halafu kuna uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa. Humo mna seli changa zinazoweza kuwa wajenzi wa mfupa au kuwa seli za mafuta. Estrojeni ikipungua, nyingi huelekea kwenye mafuta, na wajenzi wanabaki wachache. Wembamba wa mwili si kinga: wanawake wenye anoreksia, waliojinyima chakula mpaka wakakonda kupindukia, mafuta ya uboho wao huongezeka huku ya mwili yakiisha. Kwangu hili ni la kushangaza kuliko yote, na linatosha kutufanya tuache kuisoma afya ya mama kwa unene wake.

Mama ambaye hedhi imekoma, akipimwa na kukutwa chini ya gramu 12 za himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) kwa desilita, swali la kwanza liwe damu inapotelea wapi. Huenda ni vidonda vya tumbo, huenda ni saratani ya utumbo mpana, na vidonge vinaweza kuipandisha damu huku ugonjwa ukiendelea kimyakimya. Apimwe na ferritini panapowezekana, majibu yasomwe na daktari, maana maambukizi pia huipandisha. Na akiandikiwa vidonge, aambiwe siku hiyohiyo lini arudi kupimwa ili aviache.