Wafini wanagema miti yao kifua mbele, sisi ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, tunauonea aibu ya nini?

Jamani mi naishi Tampere huku Ufini na kila ikifika Aprili hawa watu wananishangaza upya. Theluji haijaisha vizuri, unamkuta mzee mstaafu, pensheni anayo, gari zuri liko nje, ameshika drili anatoboa mti. Mti wenyewe wanauita koivu, ule wenye gome jeupe, mwaka 1988 waliupigia kura ukawa mti wa taifa. Anatoboa tundu dogo, anachomeka mpira, maji yanadondoka kwenye ndoo, mti mkubwa unatoa lita kadhaa kwa siku. Majani yakianza kuchipua maji yanakuwa machungu, basi anaziba tundu na kijiti, mpaka mwakani.

Ladha? Maji yenye sukari ya kubahatisha. Mtu aliyekulia Iringa akanywa mtogwa (ulanzi mbichi, bado mtamu) wa asubuhi hawezi kushtuka. Ila wao wanayatia kwenye chupa na dukani yanauzwa bei juu, na hakuna anayemwita yule mzee mshamba.

Sasa mfikirie mgema wa kwetu. Anakata ncha ya mwanzi mchanga, anafunga mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia), halafu asubuhi na jioni anarudi kuukata tena kidogo ili usizibe, msimu wote wa mvua. Kwa kazi huyu mzee wa drili hamfikii hata nusu. Lakini kijana wetu akishapata ajira Dar, ukimtajia ulanzi mbele ya wenzake anabadilisha stori. Mtaniambia ulanzi unalevya, sawa, kwani bia hailevyi? Mbona hiyo anapiga nayo picha?

Na siyo maji tu. Gome la koivu lina mafuta yake ndani, hata likilowa linashika moto, mafuta ya taa ya nini. Sikukuu yao ya katikati ya kiangazi wanafunga matawi yenye majani mabichi wanaingia nayo sauna, kile chumba cha kuogea mvuke wa moto, wanajichapa mgongoni, mkurugenzi na fundi bomba wote uchi (hapo mi bado nasitasita). Hata zile bigijii za xylitol walizoanza kuuza mwaka 1975, sukari yake waliitoa kwenye mti huuhuu. Na heshima ipo mpaka kwenye sheria, maana huku unaingia msitu wa mtu unachuma beri na uyoga bila kumuuliza, ila ukitaka maji ya koivu au kubandua gome lazima umuombe mwenyewe.

Wanaposhindwa ni kwenye kunywa. Mzee akishajaza ndoo anagawa kwenye vichupa, friza, kimya, kila mtu na kwake. Ulanzi hausubiri mtu, leo mtamu kesho mkali, kwa hiyo lazima uite watu, na hapo ndo kesi za mipaka zinaisha na mahari zinapangwa. Hilo sijaliona Tampere na sitegemei kuliona.

Ila likizo iliyopita nimekuta ulanzi unabebwa kwenye madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kula, na harufu ya mafuta bado imo. Wa Iringa na Njombe, mbeta bado zinatengenezwa huko kwenu? Nani anazo, na anauza shilingi ngapi? Mwezi wa kwanza nakuja.