Mtoto Mdogo Haamrishwi Kucheka

Kila ninapoitwa kupiga picha za familia yenye watoto wadogo, amri tatu huwa zimekwisha kutolewa kabla sijafungua mkoba wa kamera: tulia, tazama huku, cheka. Mtoto wa miaka mitatu aliyekatizwa usingizi, akavikwa viatu vipya vinavyombana na kusimamishwa kati ya baba na mama, hawezi kutimiza hata moja ya amri hizo. Atanuna, wazazi wataona haya, mmoja wao atamkaripia, na haya hiyo ndiyo itakayobaki kwenye picha miaka yote. Kosa hapo si la mtoto hata kidogo. Ni letu sisi tunaoshika kamera na kukubali kazi ianze hivyo.

Najua desturi hii ya kujipanga ilikotoka, na sina nia ya kuidharau. Capital Art Studio ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na enzi za studio za namna hiyo kwenda kupigwa picha ilikuwa shughuli ya kuvaliwa nguo za sikukuu. Mkanda wa filamu ulitoa picha 36, na ule mpana, kwa picha za mraba, 12 tu. Aliyefumba macho alikuwa ameharibu kitu cha kulipiwa. Bibi na babu zetu walisimama wima kwa sababu picha ilikuwa moja, na kutulia kwao kulikuwa heshima. Leo naweza kupiga picha mia tatu kwa alasiri moja bila kuongeza gharama hata ya shilingi. Sababu ya kumtuliza mtoto imeondoka, amri imebaki.

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja huko Tanga. Sebule ilikuwa imepangwa, pazia jipya limetundikwa, na mtoto wa kike wa miaka minne alikuwa amejificha nyuma ya mlango, hataki kuniona. Niliomba tuache kwanza. Bibi yake akasema, "Basi mwanangu, ngoja mimi nimalize nazi yangu," akatoka uani, akakalia mbuzi na kuendelea kukuna. Nikakaa kwenye mkeka, kamera mapajani. Baada ya kama dakika ishirini mtoto alitoka peke yake, akachuchumaa mbele ya sinia, akanyoosha vidole viwili kuchota nazi iliyokunwa. Bibi alimwona, akajifanya hakumwona. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni aliziba mdomo kwa ncha ya kanga ili asicheke kwa sauti. Vizazi vitatu vilikuwa mbele yangu, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Picha ya namna hiyo haiji kwa bahati tu. Nilikuwa nimekaa chini, lenzi ikiwa usawa wa macho ya mtoto, maana ukimpiga ukiwa umesimama utapata utosi wake na uso uliokunjamana kwa kutazama juu. Flashi huwa siitumii: inamshtua, na akishashtuka mara moja atakuwa anaingoja. Kwa mtoto aliyekaa akicheza naweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, kwenye sehemu ya 1/250 ya sekunde, na kwa anayekimbia 1/500 au zaidi, ili yeye asilazimike kupunguza mwendo kwa ajili yangu.

Kuhusu mwanga, wapiga picha wengi wa pwani wanapenda saa kumi na moja jioni, wakati jua limelegea na ngozi inang'aa vizuri, nami naupenda mwanga huo kuliko wowote. Hata hivyo, kwa watoto wengi hiyo ndiyo saa ya njaa na uchovu, na ikinibidi kuchagua kati ya saa ya jua na saa ya mtoto, nachagua ya mtoto. Mchana jua likiwa utosini hutia vivuli vizito machoni, basi naihamishia familia barazani au karibu na mlango wa uani, ambako mwanga unaingia kwa ubavu na kutua polepole usoni.

Wapo wateja wanaoona kwamba nusu saa niliyokaa bila kupiga picha ni nusu saa waliyoilipia bure. Nawaelewa, kwa hiyo nawaeleza mapema kwamba kukaa huko ndiyo kazi yenyewe. Nawaomba pia simu zipumzike, hasa ya mama, kwa sababu katika nyumba nyingi nilizoingia yeye ndiye mpiga picha wa kila siku, na katika mamia ya picha zilizomo kwenye simu yake yeye mwenyewe haonekani.

Siku ile Tanga, nazi ilipokwisha, bibi aliomba ile picha ya kusimama, ya kutundikwa ukutani, nami niliipiga kwa moyo mmoja. Walijipanga watatu mbele ya pazia jipya. Mtoto hakuambiwa acheke wala atulie. Alikuwa bado analamba vidole, na bibi alikuwa amemshika mkono wa pili.