Punguzo la Merlot kwa Wanachama: Limepunguzwa Kutoka Bei Gani?

Klabu za mvinyo zina desturi ya kuwatangazia wanachama wake, hasa mavuno mapya yanapokaribia kuingia ghalani, kwamba Merlot fulani, yaani mvinyo mwekundu wa zabibu ya jina hilo, inauzwa kwa punguzo ambalo asiye mwanachama hawezi kulipata. Sina ugomvi na punguzo lenyewe. Ninachokitilia shaka ni ile bei ya awali iliyopigwa mstari, kwa kuwa baadhi ya klabu huuza mvinyo uliobandikwa lebo kwa ajili yao peke yao, na kwa hiyo hakuna duka ambako mwanachama anaweza kuukuta na kulinganisha. Bei ambayo pengine hakuna aliyewahi kuilipa haiwezi kuwa kipimo cha unafuu.

Hata hivyo, unafuu wa Merlot unaweza kuwa wa haki kabisa. Zabibu hii huiva wiki moja au mbili kabla ya Cabernet Sauvignon, zabibu nyingine ya mvinyo mwekundu, jambo linalompa mkulima nafasi ya kuivuna kabla ya mvua za mwisho wa msimu. Huzaa kwa wingi, tanini zake (zile zinazokausha kinywa) ni laini, na mvinyo wake kwa kawaida haudai kuhifadhiwa miaka mingi ndipo unyweke vizuri. Si ajabu kwamba ndiyo zabibu inayopandwa zaidi Bordeaux, Ufaransa, na kwamba imeenea hadi Italia, Chile na California. Tatizo ni kwamba mzabibu ulioachwa ubebe matunda kupita kiasi hutoa mvinyo mwepesi usio na ladha ya kukumbukwa, ilhali kule Pomerol, sehemu ya Bordeaux, kwenye udongo wa mfinyanzi, shamba la Château Pétrus hutengeneza kwa Merlot karibu tupu mvinyo ambao ni miongoni mwa ghali zaidi duniani. Jina la zabibu, basi, halitoshi kumwambia mnunuzi thamani ya kilichomo. Isitoshe, sheria za Marekani huruhusu chupa kuitwa Merlot ikiwa asilimia 75 tu ya mvinyo wake imetokana na zabibu hiyo. Katika Umoja wa Ulaya kiwango ni asilimia 85.

Swali ambalo ningependa kila mwanachama aliulize kwanza ni la mwaka wa mavuno. Merlot nyingi za bei ya kawaida hutengenezwa ili zinywewe zingali changa, wakati harufu ya plamu na cheri bado imo, na zikikaa ghalani miaka mingi harufu hiyo hufifia bila kuacha chochote cha maana mahali pake. Klabu inayopunguza bei ili kupisha mavuno mapya haitendi kosa, mradi iutaje mwaka huo waziwazi na ieleze chupa zilihifadhiwa wapi, kwa maana mvinyo uliokaa kwenye joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi na ule uliokaa kwenye bohari lenye fukuto si kitu kimoja, hata kama lebo zinafanana. Tangazo likisifu ulaini wa mvinyo kwa aya tatu na kunyamaza kuhusu mwaka, mimi huuhesabu ukimya huo kuwa jibu.

Gharama ya usafirishaji nayo huongezwa mwishoni, na mara nyingine punguzo hupatikana tu kwa anayechukua katoni nzima ya chupa 12 au anayekubali kutozwa tena kwa shehena zijazo. Hesabu ya busara ni kujumlisha kila kitu na kugawanya kwa idadi ya chupa ambazo kweli mtu atazinywa.

Mahali ninaporuhusiwa kununua chupa moja kwanza, huinunua, nikanywa nusu siku hiyo na nusu siku inayofuata, kwa sababu Merlot dhaifu hujionyesha upesi ikishafunguliwa. Klabu isiyouza chini ya katoni, na isiyotaja mwaka wa mavuno, huwa naiachia punguzo lake.