Margaret Chase Smith na gharama ya kukikosoa chama chako

Kumshambulia mpinzani wa chama kingine si kazi kubwa, kwa kuwa unapomaliza tu wenzako wanakupigia makofi. Kazi ni kuwageukia hao wenzako na kuwaambia mbele ya watu kwamba wanapotoka. Kwa maoni yangu, katika Seneti ya Marekani ya karne ya 20 ni wachache mno waliofanya hivyo kwa uzito kama Margaret Chase Smith, seneta wa chama cha Republican kutoka jimbo la Maine.

Alizaliwa mwaka 1897 katika mji mdogo wa Skowhegan, binti wa kinyozi, na hakupata kusoma chuo kikuu. Alifundisha shule, akaunganisha simu za watu, akafanya kazi katika gazeti la mji wao. Mumewe, Clyde Smith, alipofariki mwaka 1940 akiwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, wananchi walimchagua yeye kushika kiti hicho. Alipoingia Seneti mwaka 1949, alikuwa mwanamke peke yake kati ya maseneta 96.

Mwaka uliofuata, Joseph McCarthy, seneta wa chama hicho hicho, alianza kudai kwamba Wizara ya Mambo ya Nje imejaa wakomunisti. Smith, ambaye mwenyewe aliupinga ukomunisti kwa dhati, hakukimbilia kumpinga wala kumshangilia. Alimwomba amwonyeshe ushahidi, akazisoma karatasi alizopewa, na hakuona kilichothibitisha madai hayo. Mimi huiheshimu hatua hii ya kimya kuliko hata hotuba iliyoifuata, kwa sababu wakati huo watu walikuwa wakipoteza kazi na heshima zao kwa tuhuma ambazo hakuna aliyejisumbua kuzikagua.

Tarehe 1 Juni 1950, akiwa katika treni ndogo ya chini ya ardhi inayowapeleka maseneta Bungeni, alikutana na McCarthy, ambaye alimwona amekunja uso na kumuuliza kama anakwenda kutoa hotuba. Alimjibu kwamba ndiyo, na kwamba hataipenda. Kisha akasimama ukumbini, McCarthy akiwa ameketi nyuma yake, akazungumza kwa takriban dakika 15 bila kumtaja jina. Alitetea haki ya raia kukosoa, kupinga, kuwa na imani zisizopendwa na wengi na kufikiri kwa uhuru, akasema hataki chama chake kipate ushindi kwa kupanda mgongo wa hofu, ujinga, chuki na kupakana matope. Maseneta wenzake sita wa Republican waliunga mkono tamko lake.

Malipo yake hayakuchelewa. McCarthy aliwakejeli yeye na wenzake hao, na mwaka 1951 alimwondoa katika kamati ndogo ya uchunguzi, nafasi yake ikachukuliwa na Richard Nixon. Vita vya Korea vilikuwa vimezuka wiki chache tu baada ya hotuba, hofu ya ukomunisti ikapanda, na wengi waliokuwa wakimpongeza faraghani wakafunga midomo. Seneti ilimkemea McCarthy rasmi Desemba 1954, kwa kura 67 dhidi ya 22, yaani zaidi ya miaka minne baada ya mwanamke huyu kusema. Ucheleweshaji huo siwezi kuuita busara. Ulikuwa woga, na waliouonja uchungu wake ni watu wasio na hatia.

Wapo wanaomkumbuka zaidi kwa mwaka 1964, jina lake lilipopendekezwa katika mkutano mkuu wa Republican kugombea urais, mwanamke wa kwanza kufikia hapo katika chama kikubwa. Ni heshima anayostahili, ila hapo alikuwa akijiombea kura mwenyewe. Mwaka 1950 hakuwa na chochote cha kuvuna, na kiti chake katika kamati kilikwenda.